Gunia la Sukuma Wiki

Msikilizaji, mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini Kenya Januari 2019, unataja maadili manane: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Kwetu Nakuru, mimi hukwama kwenye umoja. Mapema 2008 uwanja wa maonyesho wa mji huu ulijaa mahema ya waliofurushwa makwao na ghasia za baada ya uchaguzi, watoto wa shule wakiwemo.

Ndiyo maana nalipenda lile somo la kupanda sukuma wiki kwenye gunia. Mtoto mmoja hushika mdomo wa gunia, mwenzake hutia udongo na samadi, wa tatu hutoboa matundu ubavuni. Huyu kwao huzungumzwa Kikuyu, yule Kikalenjin, yule mwingine Ekegusii. Mmoja akiachilia, udongo wote unamwagika, na wanaanza upya pamoja. Bango la maadili ukutani halifundishi hivyo.

Basi mzazi, mtoto akikuomba gunia kuukuu jioni hii, mtafutie. Usikimbilie kumnunulia kazi iliyokwisha kutengenezwa na mtu mwingine. Na akikutajia rafiki aliyemshikia gunia, muulize anaitwa nani, wala usiulize ni wa kabila gani.