Alama Zipi Nitume, Zipi Nibaki Nazo?

(Mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na vijana waliomaliza kidato cha sita)

Naona wengine mmenikazia macho. Mmezoea nikisimama hapa nazungumzia malaria, mimba za utotoni, au kondomu. Leo nataka tuongee juu ya SAT, ule mtihani unaotumiwa na vyuo vya Marekani kupima wanaoomba nafasi. Najua mtaniuliza, "Dada, hayo na afya wapi na wapi?"

Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja ofisini akaniomba nimwelekeze pa kupata vidonge vya usingizi. Nikamkalisha, tukaongea. Hakuwa mgonjwa, wala mapenzi hayakuwa yamemwendea kombo. Alikuwa na matokeo mawili ya SAT na hajui atume yapi. Siku nne hajalala vizuri, chakula hakipandi, na nyumbani hajamwambia mtu. Nimemwomba ruhusa nisimulie habari zake bila kumtaja, akakubali.

Shida yetu inaanzia kwenye mazoea. Matokeo ya NECTA yakitoka yametoka. Yanawekwa kwenye mtandao, na shangazi yako wa Mwanza anayajua kabla wewe hujaamka. SAT iko tofauti. Unaweza kuifanya zaidi ya mara moja, na tangu mwaka 2009 shirika la College Board, ambao ndio wenye mtihani, wana utaratibu unaoitwa Score Choice. Wewe mwenyewe unachagua matokeo ya siku ipi yaende chuoni. Wengi wakisikia hivyo wanaona kama ni ujanja ujanja, kama kughushi cheti. Hapana. Kughushi ni kuandika alama ambayo hukupata. Huku ni kuchagua kati ya alama ulizozipata kwa jasho lako.

Sasa sikilizeni alama za yule kijana. Mtihani una sehemu mbili, kila moja mwisho wake ni 800. Machi alipata 540 kwenye Kusoma na Kuandika, na 690 kwenye Hesabu. Jumla 1230. Oktoba akarudia, akapata 610 na 650. Jumla 1260. Ninyi mngetuma ipi?

(Sauti: "Ya Oktoba!")

Eeh, na yeye ndivyo alivyotaka. Ile 540 ilikuwa inamtia aibu, hataki hata kuiona. Lakini jamani, huyu anataka kusomea uhandisi! Akificha Machi anaificha na ile 690 ya Hesabu, maana Score Choice inakwenda kwa siku nzima. Huwezi kutuma Hesabu ukaacha Kiingereza chake nyumbani. Na vyuo vingi vina kitu wanakiita supaskoo. Wanachukua sehemu uliyofanya vizuri zaidi kutoka kila siku ya mtihani, wanajumlisha. Kwa huyu ni 610 na 690, yaani 1300. Akituma zote mbili anahesabiwa 1300. Akituma Oktoba peke yake anabaki na 1260. Alama 40 anazitupa mwenyewe kwa sababu ya aibu. Nilipomwandikia hesabu hiyo nyuma ya bahasha alikaa kimya muda mrefu, halafu akacheka.

Angalieni lakini, si kila chuo kiko hivyo. Georgetown, kwa mfano, kwa miaka mingi wamekuwa wakitaka matokeo yako yote, mazuri na mabaya. Wakisema wanataka yote, peleka yote. Hapo kuficha ndiyo inakuwa udanganyifu. Na vipo ambavyo havitaki kuona kabisa. Chuo Kikuu cha California kiliamua mwaka 2020 kuachana na SAT katika kuchagua wanafunzi, hata ukiwa na 1600 hawaiangalii. Wakati wa Korona vyuo vingi viliufanya mtihani uwe wa hiari. Vingine vimerudi nyuma: MIT mwaka 2022, halafu Dartmouth, Yale na Harvard mwaka 2024. Kwa hiyo msichukue ushauri wa kaka aliyeomba mwaka 2021. Fungua ukurasa wa chuo chenyewe, usome sharti la mwaka wako. Na pale kwenye habari za ufadhili soma pia, maana unaweza kukuta mtihani ni wa hiari kwa kuingia, lakini ufadhili fulani unautaka.

Kwenye vyuo vya hiari ndipo watu wanapoumiza vichwa. Nitume au nisitume? Chuo kingi hutangaza alama za nusu ya katikati. Wapange wanafunzi 100 walioingia na kutuma alama, toa 25 wa chini na 25 wa juu, wale 50 waliobaki ndio hao. Ukiwa ndani ya hiyo nusu au juu yake, tuma. Ukiwa chini sana, acha, mambo mengine yakuseme. Ukiwa chini kidogo tu? Hapo msikimbilie kuficha. Alama hizo zimepanda kwa kuwa wenye alama ndogo hawatumi. Dartmouth waliporudisha mtihani mwaka 2024 walieleza kwamba maprofesa wao walichunguza, wakaona wapo vijana wa familia zisizo na uwezo walioficha alama ambazo zingewasaidia. Wanaosoma maombi huangalia na shule uliyotoka. Alama 1300 kutoka shule yenye maabara moja na vitabu vya kugawana haisomwi sawa na 1300 ya mtoto mwenye mwalimu wa kulipwa nyumbani.

Mimi yalinikuta mwaka 2017. Ukijiandikisha unapewa nafasi ya kutuma matokeo kwenye vyuo vinne bure, lakini mwisho wake ni siku tisa baada ya mtihani. Kwa kawaida matokeo yenyewe unakuwa hujayaona. Mimi nikasikia bure, nikajaza vyote vinne. Matokeo yakaja 980! Na yalishakwenda, hayarudishwi. Baba kila jioni ananiuliza, "Vipi wale Wamarekani?" Nasema bado, Baba. Miezi miwili nasema bado. Tumbo linawaka, nikadhani nina vidonda. Nilipokuja kumweleza aliniambia, "Nilijua tangu wiki ile ulipoacha kula ugali." Vyuo vyote vinne havikunichukua, nikasoma hapa hapa nyumbani, na sijutii. Nachojutia ni ile miezi miwili.

Kwa hiyo zile nne za bure zitumie kwa chuo kinachotaka matokeo yote, kwa maana hapo huna cha kuchagua. Kwingine subiri uone alama. Tatizo ni pesa: baada ya zile siku tisa kutuma ni zaidi ya dola 10 kwa kila chuo. Vyuo vinane ni zaidi ya dola 80, kwa mzazi wa hapa hiyo ni pesa. Lakini vyuo vingi siku hizi vinakubali ujaze alama mwenyewe kwenye fomu ya maombi, kisha ukipata nafasi ndipo uombe College Board watume rasmi. Jaza sawasawa na ilivyo, maana watalinganisha.

Na jambo hili msiliamue usiku wa manane na simu mkononi. Kijana wa umri wenu anahitaji kulala vya kutosha. Yule mwenzenu alikuwa anafungua matokeo yale yale saa tisa za usiku, kama vile yatabadilika. Tulikaa mchana, yeye na mama yake, tukachora jedwali: chuo, sharti, tarehe ya mwisho, tutume nini. Ilituchukua saa moja na nusu. Vyuo sita anapeleka siku zote mbili, na vinne kati ya hivyo anajaza mwenyewe bila kulipa. Viwili vya hiari, ambako nusu ya katikati inaanzia juu ya 1450, hatumi kitu.

Majibu yake bado hayajatoka. Vidonge hakuviulizia tena. Juzi nimekutana na mama yake sokoni, akalalamika kwamba mtoto alilala mpaka saa nne asubuhi, chai ikapoa.