Kufuli la Mchana: Wazee Wanaosahau na Swali la Makao, Kibera na Kawangware

Saa kumi na mbili asubuhi Kawangware, jijini Nairobi, huanza kumwagika. Watu hutoka Gatina, Kabiro na Congo wakaelekea Lavington na Kilimani: mabawabu, wapishi, mafundi wa mjengo, na kina mama wa kufua ambao huketi kando ya barabara wakingoja kuitwa. Upande wa Kibera ni vivyo hivyo, ila huko wengi hufuata reli kwa miguu hadi viwandani. Kibarua hakina likizo. Asiyefika leo, leo hajala.

Sasa mama fua huyo awe anaishi na mamake wa miaka 78 ambaye hajui tena kama ni asubuhi au jioni. Huwasha jiko la mafuta akaliacha. Hutoka kutafuta ng'ombe waliouzwa miaka arubaini iliyopita. Binti afanyeje? Wako wanaomwachia jirani. Jirani naye ana kibarua chake. Basi chai huwekwa kwenye chupa, mkate hufunikwa kwa sahani, ndoo ya haja husogezwa karibu na kitanda, kiberiti hutolewa ndani, na mlango hufungwa kwa nje kwa kufuli.

Mhadhara huu unaanza na kufuli hilo kwa sababu mjadala wa Wakenya kuhusu nyumba za wazee huanzia mahali pengine kabisa. Huanzia kwenye aibu. Redioni, kanisani, matangani, swali ni lile lile: Mwafrika anawezaje kumpeleka mama yake akalelewa na watu baki? Jibu hutoka upesi, kwamba ni laana, na mazungumzo yakafungwa hapo. Aghalabu wanaojibu hivyo wana chumba cha ziada na msichana wa kazi. Chumba cha Kibera ni futi kumi kwa kumi, au kumi na mbili kwa kumi na mbili ukibahatika, na humo hulala wazazi, watoto na shosho. Dai la mhadhara ni kwamba mitaa hii miwili tayari ina makao ya wazee wenye dimenshia, maradhi ya kusahau, nayo ni vyumba vilivyofungwa mchana. Kilichokosekana ni makao yenye mtu wa kuwatazama.

Ugonjwa wenyewe si mpya. Novemba 1906, katika mji wa Tübingen, daktari Mjerumani Alois Alzheimer alisimama mbele ya wenzake akaeleza habari za Auguste Deter, mama aliyelazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51, asiyeweza kuandika hata jina lake mwenyewe. Wenzake hawakuuliza swali hata moja. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Maneno kwamba haya ni maradhi ya Wazungu yalipaswa kuzikwa kitambo. Katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, madaktari wa Tanzania na Uingereza walipita kijiji kwa kijiji wakiwapima wazee wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba asilimia 6.4 walikuwa nayo. Hai ni mwendo wa siku moja kwa basi kutoka Nairobi, na chakula chake ndicho chetu.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Mitaa ya mabanda huonekana kuwa ya vijana, na kwa kweli vijana ndio wengi. Zamani ilikuwa desturi mtu akichoka na Nairobi arudi ushago, akazeekee kwenye migomba yake. Lakini si kila mtu ana ushago wa kurudia.

Wanubi wa Kibera hawana. Babu zao walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la King's African Rifles, waliopewa makao katika msitu huo mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakakaa zaidi ya miaka mia moja pasipo karatasi. Hati ya ardhi ya jamii ilikuja Juni 2017, ekari 288 tu kati ya elfu nne na ushei walizokuwa nazo hapo awali. Ajuza wa Makina, humo Kibera, anapopotewa na fahamu, hakuna kijiji cha kumrudisha; kijiji chake ni hapo hapo, kimebanwa na majumba. Na kuna jambo jingine. Kwa miongo mingi Wanubi walilazimika kupigwa msasa kabla ya kupewa kitambulisho, na Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, hazitoki bila kitambulisho. Mtu wa kujieleza mbele ya maafisa awe ndiye asiyekumbuka alizaliwa wapi?

Kawangware ina kisa chake tofauti. Ni sehemu ya Dagoretti, ardhi ya Wakikuyu iliyoingizwa ndani ya mpaka wa jiji wakati wa Uhuru. Wenye mashamba waligawa vipande vyao, wakajenga safu za vyumba vya mbao na mabati, wakawa malandilodi. Baadhi yao, au wajane wao, wamezeekea humo humo katikati ya wapangaji. Kwa mzee wa namna hii anayesahau, njaa haiji kwanza. Huja kwanza mtu mwenye kalamu na fomu ya mauzo. Watoto hugombana kuhusu nani alitia kidole cha nani kwenye wino, na kesi hukaa kortini hata mzee akazikwa. Familia inayopata cheti cha daktari mapema, mzee akiwa bado anaelewa anachokisema, hujiepusha na mengi. Mawakili wa ardhi wanalijua hili vizuri kuliko madaktari.

Hatari ya kila siku, hata hivyo, iko mlangoni. Ploti ya kawaida ina vyumba vya mabati vinavyotazamana, ujia katikati, milango yenye rangi moja. Mzee hutoka chooni usiku akasukuma mlango wa tatu badala ya wa tano. Aliye ndani huamka, hupiga ukelele wa mwizi. Kila Mnairobi anajua ukelele huo huishia wapi. Nje ya mji husemwa neno jingine: Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi, na huko Ganze, Kilifi, kituo cha Kaya Godoma kimekuwa kimbilio la wazee wanaowindwa kwa tuhuma hizo hizo. Mama anayezungumza peke yake, anayezurura usiku, asiyemtambua mwanawe, hana utetezi mbele ya watu waliokwisha amua.

Mitaa nayo huhamishwa. Julai 2018 tingatinga zilipasua Kibera ili kupitisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na watu waliokadiriwa kufikia 30,000 wakabaki bila makao. Kijana hubeba godoro akatafuta chumba kwingine. Mtu mwenye dimenshia hukumbuka kwa miguu: kona ya kinyozi, bomba la maji, harufu ya mandazi ya jirani. Vikiondoka hivyo, ramani yote imeondoka.

Je, makao rasmi yapo? Yapo, machache. Kaunti ya Nairobi ina Mji wa Huruma. Kasarani kuna Nyumba ya Wazee ya masista wa Little Sisters of the Poor, shirika lililoasisiwa Ufaransa na Jeanne Jugan mwaka 1839. Kariobangi kuna Cheshire Home, na ng'ambo ya mpaka wa kaunti, Thogoto, kanisa la PCEA lina nyumba yake. Hizi zimeokoa watu, na masista waliofua mashuka yale kwa miaka hawastahili kufundishwa kazi na mtu wa jukwaani. Lakini zilianzishwa kwa ajili ya maskini asiye na mtu. Mama wa Gatina mwenye binti anayempenda hahesabiwi kuwa hana mtu. Anaye, ila huyo mtu yuko Lavington akifua, na akirudi ana shilingi za unga. Nyumba za kulipia, zile za Karen na kwingineko, zimepangiwa familia za mshahara.

Zanzibar ilitangulia kwa njia yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilichukua jukumu la kuwatunza wazee wasiojiweza, na nyumba za Sebleni na Welezo zingali zinajulikana na kila Mzanzibari. Aprili 2016 ikaongeza pensheni kwa kila mzee wa miaka 70, shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi wakati huo, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa Inua Jamii ya wote wa miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi. Zigawe kwa siku thelathini, ni kama shilingi 67. Pakiti moja ya nepi za watu wazima hula sehemu kubwa ya pesa hizo, na zikichelewa, kama zinavyochelewa, binti hukopa dukani.

Wenye pesa hupenda kutaja Hogeweyk, karibu na Amsterdam. Ni kijiji kilichojengwa mahsusi kwa wenye dimenshia na kukamilika mwaka 2009: kina duka, mkahawa, bustani na vichochoro, wahudumu huvaa nguo za kawaida, na wakazi huzunguka watakavyo kwa sababu mlango wa nje ni mmoja tu. Mamilioni ya yuro yametumika kuigiza mtaa. Kibera inao mtaa, tena wenye watu wanaojuana kwa majina. Asije mtu akasema basi Kibera inatosha. Ina reli inayopita katikati, mitaro iliyo wazi na bodaboda zisizosimama. Lakini funzo la Waholanzi si majengo. Ni kwamba mtu anayesahau hutulia akiwa na njia ya kutembea, kazi ya mikono na uso anaoujua.

Kwa hiyo jengo la kwanza linalohitajika Kibera na Kawangware halina vitanda. Ni nyumba ya mchana: ukumbi wenye choo safi ndani, jiko, ua wenye ukuta na mlango mmoja, unaofunguliwa kabla ya mama fua kwenda kazini na kufungwa baada ya kurudi. Kumbi zipo, za makanisa, misikiti na chifu, nyingi zikilala tupu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Cha kufanya humo pia kinajulikana. Huko huko Hai wahudumu waliwakusanya wazee wenye dimenshia kwa vikao 14 vya mazungumzo, nyimbo, michezo na kumbukumbu za zamani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu ya akili na ya maisha. Hapakuwa na dawa wala mashine.

Baada ya hapo ndipo zije nyumba ndogo za kulala, za wazee sita au wanane, ndani ya mtaa, kwa wale ambao familia imeshindwa kabisa. Nyumba kubwa ya vitanda mia nje ya mji itapendeza kwenye picha za uzinduzi, na kila ziara itagharimu binti nauli ya kwenda na kurudi pamoja na kibarua cha siku nzima. Atakwenda mara mbili, kisha ataacha.

Upimaji ndio rahisi zaidi, na kutofanywa kwake hakuna udhuru. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba wenye kipimo cha presha na cha sukari. Mikoba hiyo inaingia ploti zile zile. Kipimo cha IDEA, kilichotungwa Hai kwa ajili ya wazee wasiojua kusoma, hakihitaji karatasi ya maswali ya shule: mzee huambiwa maneno kumi ayakumbuke baadaye, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hupewa njiti za kiberiti apange umbo aliloonyeshwa. Vijiti vinne mezani, vidole vinavyotetemeka, na mhudumu anajua kama ampeleke Hospitali ya Mbagathi. Huko daktari hutafuta kwanza yanayotibika, kama upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende, na virusi vya ukimwi, maana waliookolewa na ARV miaka ya mwanzo ya 2000 sasa wanaingia uzeeni. Presha yenyewe ikidhibitiwa mapema ni kinga: tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 ilihesabu vihatarishi 14 vinavyoweza kuzuilika, vikiwamo presha, upweke, uziwi na hewa chafu. Anayepika kwa makaa kwenye chumba kisicho na dirisha anakijua hicho cha mwisho.

Anayetunza pia ahesabiwe. Shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, alilolianzisha Elizabeth Mutunga baada ya baba yake kuugua, limekuwa likiwakutanisha watunzaji wazungumze, na anayekaa humo husikia jambo moja likirudiwa: hakuna wa kumshikia zamu. Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake na Dola. Kiunganishi hicho, "na", kimesomwa kana kwamba ni "au".

Mahali pa kuidai haki hiyo ni kwenye bajeti. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika kwenye bunge lake kufikia Aprili 30, na kabla hayajapitishwa mwezi Juni wananchi huitwa kutoa maoni. Vikao hivyo hutawaliwa na barabara, mitaro na taa za mulika mwizi. Mwenye mzee anayesahau afike, aseme ni wazee wangapi wamefungiwa ndani kwenye ploti yake, ataje ukumbi ulio karibu unaoweza kufunguliwa, na asiondoke kabla maneno yake hayajaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.