WAYA UMEFIKA TUNDUMA. CHOMBO ATANUNUA NANI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Visiwani wanaofanya biashara Tunduma)



Sisi watu wa Visiwani waya si mgeni kwetu. Mwaka 1879, zama za Sayyid Barghash, waya wa simu za maandishi ulipita chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, kisha ukaendelea kusini. Tangu hapo twajua kwamba waya kufika mji ni jambo moja, na mwananchi kufaidika nao ni jambo jingine.

Leo tupo Tunduma, mlango wa kwendea Zambia. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 kwa mkopo wa Exim Bank ya China, umefika hapa. Mwaka huo huo mkongo wa baharini wa SEACOM uliingia Dar es Salaam, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Haya ni mema wala hatuyakanushi. Mpinzani akanushaye jua la mchana hujivunjia heshima mwenyewe.

Lakini sisi ni watu wa duka, na bei ya bandarini si bei ya dukani. Ili sauti ipite katika waya, yahitajika mitambo pande mbili. Kwa kampuni, mitambo ya kugeuza sauti kuwa nambari na kuikabidhi kwa kampuni nyingine. Kwa mteja, kisanduku cha kuirudisha iwe sauti. Mitambo ya kampuni hugawanywa kwa wateja wote: wakiwa elfu kumi mzigo ni mwepesi, wakiwa mia ni mzito. Kisanduku hakigawanyiki; kila nyumba na chake. Hata Marekani, kampuni za televisheni ya waya zilipotaka kuuza simu, waya ulikwisha kupita mitaani, lakini ulijengwa kupeleka picha upande mmoja tu. Ikalazimu kununua vyombo vipya ili sauti ya mwenye nyumba nayo irudi.

Jambo la pili ni umeme. Simu ya zamani ya waya wa shaba ililetewa umeme wake, volti 48, kutoka betri za kituo cha simu. Mji ukiwa gizani, simu ililia. Mkongo wa leo ni wa kioo, na kioo hakipitishi umeme. Kisanduku hula umeme wa dukani kwako. Ukizimika, nawe huwa bubu, ila uwe na betri yako. Na betri huchakaa, ikanunuliwa tena.

Atasema mtu: simu ya mkononi yatosha. Kwa maongezi, huenda. Lakini mnara nao una mitambo, betri na jenereta, na gharama yake imo ndani ya bei ya kila dakika. Gharama haipotei, ndugu zangu, hujificha tu. Na wakala wa forodha ahitajiye kupeleka hati na sauti mchana kutwa hawezi kuuepuka waya.

Basi, kabla ya kutia sahihi mkataba wo wote, yatupasa kuuliza. Kisanduku ni mali ya nani? Kikiungua kwa radi, nani alipa? Nikihamia kampuni nyingine, chafaa huko? Na wawakilishi wetu wadai kwamba bei ya chombo iandikwe mbali na bei ya huduma, kila mtu aione.

Maswali haya mrudi nayo Unguja na Pemba, kwani huko nako waya husifiwa na bei ya chombo hunyamaziwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tusipige makofi kabla ya kufungua daftari.

Wabillahi tawfiq.