Nafasi ya Mtumishi wa Afya katika Kumlinda Mtoto: Tibu Kwanza, Fomu Baadaye

Mada kwa semina ya matabibu, wauguzi na maafisa ustawi wa jamii, Kashai, Manispaa ya Bukoba

1.0 Utangulizi

Nitakayoyasema yanatokana na kazi yangu ya utabibu. Si msimamo wa mwajiri wangu.

2.0 Maana ya maneno

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Ukatili ni wa mwili, wa kingono, wa kihisia, na kutelekezwa. Yote yamo kwenye makabrasha yenu, siyarudii.

Nikumbushe mawili tu. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. La pili ni la kwetu: Mei 30, 2024, mtoto mdogo mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao Kamachumu, Muleba. Juni 17 mwili wake ulipatikana. Mtoto mdogo kama yule bado yumo kwenye rejesta zetu za kliniki. Bado analetwa kupimwa uzito.

3.0 Wajibu wetu kwa ufupi

Ni kutambua, kutibu, kuandika, kutoa taarifa na kufuatilia. Tunakwama kwenye kutibu na kuandika, na tunakwama juu ya karatasi moja: PF3, fomu ya polisi ambayo tabibu huijaza baada ya kumpima aliyeumizwa.

4.0 Tatizo la PF3

4.1 Mlangoni

Viongozi wa Wizara ya Afya wamesema mara nyingi kwamba matibabu ya dharura hayasubiri PF3. Hata hivyo, neno la kwanza analosikia mama aliyemleta mtoto kwenye baadhi ya vituo ni "Kalete PF3." Dawa za kukinga maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, zisivuke saa 72, kisha zimezwe siku 28. Hapa Kashai bodaboda itamfikisha mama polisi upesi. Mama wa kisiwa cha Goziba au Bumbire anasubiri mtumbwi, na ziwa likichafuka anasubiri kesho.

Kesho hiyo ndiyo siku ya kikao cha ukoo. Wazee hukaa, ng'ombe hutajwa, radhi huombwa, na mtoto harudi tena kituoni. Tunawalaumu wazazi kwa kumalizana nyumbani, ilhali muda wa kumalizana tumewapa sisi.

4.2 Kwenye kalamu

Hapa naomba nijitaje. Miaka ya nyuma, zamu ya usiku katika kituo kimoja, mama aliingia na binti wa miaka tisa. Jana yake alikuwa amerudishwa kufuata fomu. Aliifungua kutoka kwenye pindo la kanga, imekunjwa mara nne. Mtoto alikuwa ameshaogeshwa, na nguo zake zimefuliwa na kuanikwa. Nilimpima, sikuona jeraha. Foleni ilikuwa ndefu. Nikaandika maneno mawili: "Hakuna kitu."

Maana yangu ilikuwa kwamba hakuna jeraha bichi. Miezi kadhaa baadaye niliitwa mahakamani, na upande wa utetezi ukayasoma maneno yale kwa sauti: daktari mwenyewe amesema hakuna kitu. Mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi na sare ya shule, ananiangalia. Mtuhumiwa alikwenda nyumbani. Mwenzetu mmoja alimrudisha mlangoni. Maneno mawili yale ni yangu.

Watoto wengi waliofanyiwa ukatili wa kingono hawakutwi na alama yoyote, na kisheria kuingiliwa hata kidogo kunatosha. Kukosa jeraha si ushahidi kwamba tukio halikutokea. Hilo lazima liandikwe, na liandikwe kwa maneno yanayosomeka.

4.3 Mahakamani

Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini sisi bado tunajaza fomu kwa vifupisho vya Kiingereza ambavyo hata muuguzi wa zamu inayofuata havielewi. Zaidi ya hapo, Mahakama ya Rufani imeziondoa PF3 nyingi kwenye ushahidi kwa sababu hazikusomwa kwa sauti baada ya kupokelewa, au mshtakiwa hakuelezwa haki yake ya kutaka aliyeijaza aitwe. Hayo si makosa yetu. Lakini tabibu akihamishwa wilaya na hakuna anayejua aliko, hapo tunahusika.

5.0 Mapendekezo

i. Mtoto atibiwe kwanza, fomu ifuate.
ii. Kila kituo kibandike mapokezi, kwa maandishi makubwa: "Hatusubiri PF3."
iii. Dawa za kuanzia kinga ya VVU ziwepo usiku na sikukuu, na zisifungiwe kabatini kwa mtu aliye likizo.
iv. Zahanati za visiwani zipewe kipaumbele, pamoja na dawa ya dharura ya kuzuia mimba, inayofaa ndani ya saa 120.
v. Jamii ielezwe: asiogeshwe, nguo zisifuliwe, aletwe hivyo hivyo.
vi. PF3 ijazwe kwa Kiswahili, kwa sentensi kamili.
vii. "Hakuna kitu" ipigwe marufuku. Iandikwe: "Sikuona jeraha; hilo haliondoi uwezekano wa tukio."
viii. Aliyejaza aache namba ya simu kwa mganga mfawidhi kabla ya kuhama.
ix. Nauli ya tabibu anayeitwa mahakamani itengewe fungu, asiitoe mfukoni.
x. Kliniki za watoto zifuatilie kwa karibu familia zenye watoto wenye ualbino, na mama akikosa tarehe atafutwe.
xi. Taarifa itolewe serikali ya mtaa, ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyo hiyo. Namba 116 ni ya bure.
xii. Narudia la kwanza: mtoto atibiwe kwanza.

6.0 Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, mengi kati ya haya niliyasema pia kwenye semina iliyotangulia, na yaliandikwa kwenye maazimio. Safari hii naomba kwenye kila azimio paandikwe jina la mtekelezaji na tarehe. La ii halihitaji bajeti: ni karatasi na kalamu nene. Linaweza kuanza kesho asubuhi.