VPN Kwenye Ruta ya Kikundi: Mfuko wa Barua Anaushika Nani?

(Haya ni maneno tuliyosema sisi wa huduma za jamii mbele ya wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala mizinga ya nyuki. Tutazungumza juu ya kile kisanduku chenye taa za kijani kinachokaa juu ya kabati, yaani ruta, na juu ya herufi tatu ambazo watu wengi wamekuwa wakituuliza: VPN.

Sababu ya kuuliza tunaielewa. Siku hizi vikundi vingi haviandiki kwenye daftari peke yake. Hesabu za mzunguko, mikopo, faini na hisa zimo ndani ya kompyuta au ndani ya simu ya katibu. Majina ya wanachama yamo, namba za vitambulisho zimo, na nani amechelewa kulipa mkopo wake, hata hilo limo. Halafu anakuja kijana mmoja na begi lake mgongoni, anasema, "Nipeni elfu kadhaa niwawekee VPN kwenye ruta, na pesa zenu hazitaibiwa tena." Kabla ya kutoa hata shilingi moja, tusikilizane kidogo.

Wengi wenu mnakumbuka jinsi barua zilivyokuwa zikitufikia. Waliokuwa na sanduku lao la posta walikuwa wachache. Barua ilikuja kwa sanduku la shule au la misheni, na mtu mmoja akatumwa mjini kuzichukua zote. Sasa fikirini kwamba kijiji kizima kimekubaliana hivi: kila barua tunayoandika tunaitia ndani ya mfuko mmoja, mfuko unafungwa kwa kufuli, unapelekwa mpaka misheni ya mbali, na huko ndiko unakofunguliwa na barua kutumwa kwa wenyewe. Watu wa posta ya hapa kwetu wataona mfuko tu. Hawatajua nani ameandika kwa nani.

Hiyo ndiyo VPN. Ni njia ya faragha iliyopitishwa ndani ya njia ya watu wote. Maneno yanafumbwa kwa hesabu ngumu upande mmoja, yanafumbuliwa upande wa pili, na katikati hakuna anayeweza kuyasoma. Ukiiweka kwenye simu, inalinda simu hiyo. Ukiiweka kwenye ruta, kila chombo kilichounganishwa na ruta hiyo kinapita ndani ya mfuko, hata kama mwenye chombo hajui.

Lakini ule mfano wa posta haujaisha. Yule wa misheni ya mbali anayefungua mfuko, yeye anaona nini? Anaona bahasha zote. Anajua nani anamwandikia nani. Kwa hivyo VPN haiondoi haja ya kumwamini mtu. Inahamisha tu imani yetu kutoka kwa kampuni ya intaneti ya hapa na kuiweka kwa yule anayeshika upande wa pili. Tukisahau mengine yote ya leo, hilo tusilisahau.

Ndiyo maana VPN za bure zinatutia wasiwasi sana. Mwaka 2013 kampuni ya Facebook ilinunua kampuni iliyoitwa Onavo, iliyokuwa na programu ya VPN ya bure. Watu waliambiwa kwamba inawalinda. Kumbe ilikuwa ikiwaonyesha wenye kampuni ni programu zipi watu wanazitumia, na kwa muda gani, wapate kujua washindani wao wanaendeleaje. Mwaka 2018 Apple walisema programu hiyo inavunja kanuni zao, ikaondolewa katika duka lao, na mwaka 2019 ikafungwa kabisa. Mwaka 2023 mahakama moja ya Australia iliamuru kampuni mbili za Meta, ambalo ndilo jina jipya la Facebook, zilipe dola milioni 20 za huko kwa sababu ya jambo hilo. Wale angalau walikuwa na jina na mahali pa kushtakiwa. Je, ile VPN ya bure uliyoiona kwenye tangazo ina mwenyewe? Utampata wapi siku ya kumtafuta?

Sasa tuje kwenye pesa, manake hapo ndipo wengi wanapodanganywa. Unapotuma M-Pesa kwa ile menyu ya laini ya simu, ujumbe wako haupiti kwenye ruta hata kidogo. Unapitia mtandao wa simu wenyewe. Ruta inaweza kuwa imezimwa, stima inaweza kuwa imepotea kijiji kizima, na pesa zitakwenda. Basi VPN kwenye ruta italindaje kitu ambacho hakipiti hapo? Na benki, pamoja na karibu kila mahali pa maana kwenye intaneti, huwa tayari na anwani inayoanza na https, yaani barua imeshafungwa kwenye bahasha yake kabla ya kuingia mfukoni.

Yule anayempigia mweka hazina na kusema, "Mama, nimekutumia pesa kwa makosa, nirudishie," hazuiwi na VPN. Yule anayeomba namba ya siri hazuiwi. Mwanachama mwenyewe anayetoa pesa usiku hazuiwi. Kijana mwenye begi akiwaambia kwamba inazuia hayo, mrudishieni begi lake na mumpe chai aende zake.

Je, VPN haina faida? Ina faida, tena kubwa, ila ni kwa kazi yake. Chukua kikundi chenye ofisi ndogo, kompyuta iko pale, na vitabu vya hesabu vimo ndani. Katibu yuko sokoni siku ya soko, mwanachama anataka kujua deni lake. Kufungua mlango wa kompyuta hiyo kwa dunia nzima ili katibu mmoja aingie ni hatari. Lakini ruta ya ofisi ikiwa ndiyo upande wa pili wa VPN, katibu anaingia kwa njia ya faragha, anasoma kitabu, anatoka. Hapa mshika mfuko ni kikundi chenyewe. Hakuna mgeni katikati. Hiyo ndiyo VPN tunayoipenda sisi, na ndiyo tutakayoeleza namna ya kuiweka. Ile nyingine ya kukodi kwa mwezi, ya kupitisha nyumba nzima katika nchi ya mbali, haina ubaya kama mwenye kuikodisha anajulikana, lakini inapunguza mwendo, na kuna benki zinazokataa mtu anayeonekana anatokea nje ya Kenya. Wengine waliijua kwa sababu ya serikali. Jirani zetu wa Uganda walipotozwa shilingi 200 kwa siku kuanzia Julai 2018 ili watumie WhatsApp na Facebook, wengi walikimbilia VPN, na kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021. Hapa kwetu kutumia VPN si kosa. Kosa ni kile unachokitenda ukiwa ndani yake.

Kabla ya VPN, tufunge mlango wa ruta yenyewe. Ruta ina maneno ya siri mawili na watu huyachanganya. Moja ni la kuingia kwenye waifai, lile mnalowapa wageni. La pili ni la kuingia kwenye ruta na kubadilisha mipangilio, na hili mara nyingi limebaki vile lilivyotoka kiwandani: admin na admin. Mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani ikijaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60 tu, na kwa hayo ikateka kamera na ruta nyingi mno. Mwaka 2018 nyingine ikaonekana katika ruta zisizopungua 500,000 katika nchi 54, na polisi wa upelelezi wa Marekani wakawaomba watu wote wazime ruta zao na kuziwasha tena. Hizo hazikuwa ruta za wakubwa. Zilikuwa ruta za nyumbani na za ofisi ndogo kama yetu.

Kwa hivyo: badilisheni maneno yote mawili. Chagueni WPA2 au WPA3 kwa ajili ya waifai, wala si ile ya zamani iitwayo WEP. Sasisheni programu ya ruta. Wageni wapewe waifai yao kando, kama ruta ina nafasi hiyo, ili wasionane na kompyuta ya hesabu.

Haya, sasa VPN. Kaeni mbele ya kompyuta ya ofisi, andikeni anwani ya ruta, ambayo imechapwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake, nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ingieni, mtafute mahali palipoandikwa VPN Server. Ruta nyingi zinazotolewa na kampuni za intaneti hazina kitu hicho, na hapo mtahitaji ruta nyingine. Ikiwapo, mtaona aina kadhaa. PPTP ikateni mara moja. Ni ya miaka ya 1990, na tangu 2012 inajulikana wazi kwamba fumbo lake linavunjwa. OpenVPN, iliyoanza 2001, ni nzuri. WireGuard ni mpya zaidi, iliingizwa ndani ya Linux mwaka 2020, ni nyepesi, na haichoshi ruta ndogo. Kama ipo, ichukueni hiyo.

Lakini ngojeni. Kuna jambo linalokwamisha watu, na fundi wengine hawalisemi mpaka wameshalipwa. Katibu akiwa sokoni, simu yake lazima ijue mahali pa kuipata ruta ya ofisi. Tazameni kwenye ruta anwani ya upande wa nje, iliyoandikwa WAN. Ikianza na 10, au na 192.168, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi mtu wa nje hawezi kuifikia moja kwa moja. Ni kama nyumba nyingi zilizo nyuma ya lango moja, na mlinzi wa lango hajui barua ni ya nyumba ipi. Ruta zinazotumia laini ya simu mara nyingi ziko hivyo. Pigieni kampuni simu, muulize kama wanaweza kuwapa anwani ya wazi, na kwa bei gani kwa mwezi. Kama haiwezekani, ziko huduma kama Tailscale ambazo simu na kompyuta zote mbili huita mtu wa katikati awakutanishe. Zinafanya kazi, lakini mmeshaingiza mtu wa katikati, basi mjue ni nani.

Anwani ikiwa ya wazi lakini inabadilikabadilika, tafuteni kwenye ruta mahali palipoandikwa DDNS, mpate jina lisilobadilika.

Jambo jingine dogo linaloudhi sana: namba za ndani. Ofisi ikitumia 192.168.1 na nyumbani kwa katibu pia ni 192.168.1, simu itachanganyikiwa, haitajua ni ipi. Badilisheni ya ofisi iwe namba isiyo ya kawaida, kwa mfano 192.168.47, mapema, kabla hamjaunganisha printa na vitu vingine.

Kisha tengenezeni ufunguo kwa kila simu. Katibu wake, mweka hazina wake, mwenyekiti wake. Msitumie mmoja kwa wote, manake siku simu moja ikipotea mtawafungia wote. Ruta itaonyesha picha ya miraba miraba, simu iliyo na programu ya WireGuard inaipiga, kazi imekwisha. Picha hiyo ndiyo ufunguo wenyewe. Haitumwi kwenye kundi la WhatsApp, wala haihifadhiwi kati ya picha za harusi.

Kwenye mipangilio ya simu, mahali palipoandikwa Allowed IPs, wekeni namba za ofisi tu, wala si intaneti yote. Mkiacha intaneti yote, katibu akitazama mpira akiwa sokoni, mpira huo utaingia kwanza ofisini na kutoka tena kumfuata, na data ya kikundi italiwa mara mbili. Mtatafutana mwisho wa mwezi.

Kujaribu ni rahisi. Katibu atoke nje ya ofisi, azime waifai ya simu, awashe data yake mwenyewe, awashe VPN, ajaribu kufungua kitabu cha hesabu. Kisha azime VPN na ajaribu tena. Mara ya kwanza kifunguke, mara ya pili kikatae. Kikifunguka mara zote mbili, mlango wa nje uko wazi, na aitwe fundi siku hiyo hiyo.

Mwisho ni nani ana mamlaka. Vitabu hivyo vina habari za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayezishika azilinde. Neno la siri la ruta liandikwe, litiwe kwenye bahasha, watu watatu waweke sahihi juu yake, kama mnavyofanya kwa akaunti ya benki, na bahasha ikae na kitabu cha kumbukumbu za mikutano. Simu ikipotea, ufunguo wake ufutwe kwenye ruta siku hiyo. Na siku ya uchaguzi, wakishachaguliwa viongozi wapya, funguo za wanaotoka zifutwe palepale mbele ya wanachama, na za wapya zitengenezwe, kabla ya chai kuletwa.