Tia Mafuta Kabla Mashine Haijalia

(Haya ni mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Mwalimu wa darasa aweke mezani kisahani chenye matone machache ya oili safi, na kitambaa cha kufutia mikono.)

Natumaini madaftari yako wazi na kila mtu ameketi mahali anaposikia vizuri. Katika somo lililopita tulijifunza kuandika tarehe. Leo tutaitumia tarehe kwa kazi yenye faida shambani. Tutazungumza juu ya kutia mafuta katika mashine zetu za kilimo.

Huenda mmoja wenu anasema, "Somo hili si langu, mimi sina mashine." Ngoja kidogo, ndugu yangu. Je, mkokoteni wako hauna magurudumu? Baiskeli unayobebea gunia haina mnyororo? Na ile mashine ya kupukuchua mahindi mliyonunua pamoja katika kikundi, je, si yako pia? Popote chuma kinapozunguka ndani ya chuma kingine, somo la leo linahusika.

Haya, tuanze kwa mikono yetu wenyewe. Kila mtu aweke viganja vyake pamoja. Sugueni kwa nguvu, upesi upesi. Endeleeni. (Kituo kidogo.) Basi, simameni. Mnasikia nini? Joto. Sasa mtu mmoja achovye vidole katika kisahani cha oili, ajipake viganjani, asugue tena. Viganja vinateleza, na joto ni dogo sana.

Hivyo ndivyo ilivyo ndani ya mashine. Chuma kikisugua chuma kikavu, huzaa joto. Joto hulegeza na kuharibu, na chuma hulika kidogo kidogo. Mafuta hukaa katikati kama utando mwembamba, yakavitenga vyuma viwili visigusane. Kadhalika huzuia kutu. Utando huo ni mwembamba kuliko karatasi ya daftari lako, lakini ndio unaoilinda mashine nzima.

Yako mafuta ya aina mbili tunayoyatumia zaidi. Oili ni nyepesi, hutiririka; tunaitia katika injini na katika minyororo. Grisi ni nzito kama samli iliyoganda. Haitiririki, bali hubaki pale ilipowekwa. Tunaitia katika beringi. Beringi ni pete ya chuma yenye gololi ndani yake, nayo hushika ekseli au shafti inayozunguka.

Sasa nitawasimulia jambo nililoliona mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa katika kijiji kimoja cha wakulima wa mahindi. Kikundi chao kilikuwa kimechanga fedha kwa misimu miwili, kikanunua mashine ya kupukuchua yenye injini ya dizeli. Aliyeitunza alikuwa mzee mmoja ambaye watu walimwita Babu tu. Babu hakujua kusoma wala kuandika, lakini mashine ile aliijua kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake. Ilikuwa na sehemu sita za kutia grisi: mbili katika shafti kubwa ya kupukuchulia, mbili katika shafti ya feni ya kupeperusha makapi, na mbili katika mikono ya kutikisia chekeche. Kila asubuhi kabla ya kazi Babu alizizungukia zote sita. Hakumwambia mtu, maana hakuna aliyemwuliza.

Msimu mmoja, mavuno yakiwa yamepamba moto, Babu aliugua akachukuliwa na binti yake kwenda kutibiwa mbali. Vijana wawili wakashika kazi. Hawakuwa wavivu. Kila asubuhi walitia grisi katika sehemu walizoziona, nazo zilikuwa tano. Ya sita ilikuwa nyuma ya kifuniko cha mkanda, upande wa injini, haionekani mpaka kifuniko kifunguliwe. Tena ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa kuliko zote.

Siku ya nne mashine ilianza kulia kwa sauti nyembamba. Vijana wakasema, "Ni vumbi tu." Siku ya tano walisikia harufu ya kitu kinachoungua. Mchana wa siku hiyo beringi ilikwama, shafti ikaendelea kuzunguka ndani yake na kulika. Mashine ikasimama.

Kama ingekuwa beringi peke yake, ingebadilishwa kwa siku moja. Lakini shafti nayo ilikuwa imelika, ikabidi ipelekwe mjini kwa fundi wa kuchonga vyuma. Majuma matatu yakapita. Akina mama walipukuchua kwa mikono mpaka vidole vikachubuka. Kisha mvua ikanyesha kabla ya wakati wake, na mahindi yaliyokuwa chini ya turubai yakaota ukungu. Mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Ilibidi magunia kadhaa yatupwe. Nakumbuka mama mmoja alisimama kando ya shimo, akiangalia chakula cha watoto wake kikifukiwa, bila kusema neno.

Sasa niambieni: kosa lilikuwa la nani? Wengine waliwalaumu vijana. Wengine walimlaumu Babu. Mimi naona kosa lilikuwa hili: ujuzi wote wa mashine ya watu wengi ulikaa katika kichwa cha mtu mmoja. Kichwa hicho kilipoondoka, mashine ilibaki yatima.

Kabla sijawaambia mwisho wa habari hii, tujifunze jinsi ya kutia mafuta. Sikilizeni hatua nne.

Hatua ya kwanza: zima injini, ungoje mpaka kila kitu kimesimama kabisa. Usitie mafuta kamwe katika mashine inayozunguka. Mkono wa shati au ncha ya kanga ikikamatwa, mkono wenyewe utafuata. Ukifungua kifuniko cha mkanda, kirudishe mahali pake kabla ya kuwasha tena.

Hatua ya pili: futa vumbi kwa kitambaa safi. Vumbi na mchanga vikichanganyika na grisi hugeuka kuwa kama tupa, hula chuma badala ya kukilinda. Kwa hiyo kopo la grisi nalo lifunikwe daima.

Hatua ya tatu: tia mafuta ya kutosha, si ya kufurika. Beringi nyingi zina kichwa kidogo cha chuma kiitwacho chuchu ya grisi. Hapo ndipo tunaposhindilia grisi kwa bomba lake. Beringi iliyojazwa kupita kiasi nayo hupata joto. Mashine zingine zina beringi zilizofungwa kiwandani zisizohitaji grisi. Kitabu cha mashine kitakuambia. Kwa injini, chomoa kijiti cha kupimia ikiwa imesimama mahali tambarare. Oili iwe katikati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, injini itakufa. Ikizidi alama ya juu, ni hasara pia.

Hatua ya nne: futa mafuta yaliyomwagika. Hapa pana jambo ambalo wengi hukosea. Si kila mahali panatakiwa mafuta. Mkanda wa mashine usipakwe mafuta, maana utateleza na mpira wake utaoza. Breki zisiguswe na mafuta. Na mahali punje zinapopita pasiwe na mafuta, kwa sababu hicho ni chakula.

Wengine huuliza, "Je, naweza kutia mafuta ya kupikia?" Yatasaidia kwa muda mfupi, kisha yataganda na kunata kama gundi. Na oili chafu iliyotolewa katika injini? Hiyo ina chembe za chuma ndani yake. Usiitie katika beringi. Wala usiimwage karibu na kisima au mto, maana huharibu maji, na isikae mikononi kwa muda mrefu, kwani hudhuru ngozi. Plau unapoiweka stoo baada ya msimu, ioshe, ikaushe, kisha paka bamba lake grisi au oili safi, nayo haitashika kutu.

Sasa tuje kwenye kusoma. Juu ya kopo la oili ya injini mtaona namba, mathalani 30 au 40. Namba hiyo inaeleza uzito wa oili. Oili namba 40 ni nzito kuliko namba 30. Oili ya gia ina namba zake, mathalani 90, na namba hizo hazilinganishwi na za injini. Soma kitabu cha mashine, kisha soma kopo, uone kama namba zinapatana. Asiyejua kusoma atanunua analopewa. Wewe uliyejifunza namba hutauziwa kopo lisilo lako.

Msidhani kuwa kutia mafuta ni kazi ya dharau. Huko Marekani alikuwako mtu aliyeitwa Elijah McCoy. Wazazi wake walikuwa watumwa waliotoroka Kentucky wakakimbilia Kanada, na huko ndiko alikozaliwa. Alisomea uhandisi Scotland, lakini aliporudi hakupewa kazi ya mhandisi kwa sababu alikuwa mtu mweusi. Reli ikampa kazi ya kuchochea moto wa gari moshi na kutia oili. Zamani hizo gari moshi ilibidi isimame mara kwa mara ili itiwe oili. McCoy akafikiri, akabuni kikombe cha kudondosha oili huku injini inafanya kazi. Mwaka 1872 alipata hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Aliiona shida ile kwa sababu kopo la oili lilikuwa mkononi mwake.

Sasa nimalize habari ya Babu. Alipona, akarudi kijijini. Aliposikia yaliyotokea hakumgombeza mtu. Alijiandikisha katika darasa la kisomo, akiwa mwenye umri mkubwa kuliko wote. Ukurasa wa kwanza alioandika peke yake, bila kunakili ubaoni, ulikuwa orodha ya sehemu sita za mashine. Herufi zilikuwa kubwa na zimepinda, lakini kila mtu aliweza kuzisoma. Ukurasa ule ulibandikwa ukutani katika banda la mashine, na chini yake likaning'inizwa daftari. Kila asubuhi aliyetia grisi aliandika tarehe, idadi ya sehemu, na jina lake. Kama idadi si sita, injini haiwashwi.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo kazi yenu ya juma hili. Chagueni chombo kimoja kinachozunguka: mkokoteni, pampu, mashine ya kusaga au ya kupukuchua. Mwombeni anayekitunza awaonyeshe sehemu zote za kutia mafuta, hata zilizofichika. Zihesabuni. Ziandikeni. Kisha anzeni daftari. Mfano: "Tarehe 3 Julai. Sehemu sita. Grisi." Halafu jina la aliyefanya kazi.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mashine inapolia, ufa umekwisha kufunguka. Tia mafuta kabla haijalia.

Maswali ya darasani:

1. Kwa nini viganja vilipata joto viliposuguliwa vikavu?
2. Oili na grisi zina tofauti gani?
3. Taja mahali patatu pasipotakiwa mafuta.
4. Kwa nini vijana wawili walikosa sehemu ya sita, ingawa hawakuwa wavivu?
5. Ni kazi gani nyingine kijijini kwenu inayokaa katika kichwa cha mtu mmoja tu? Iandikeni.

Maneno ya kusoma na kunakili: beringi, grisi, mkanda, tarehe, daftari.