Tunapocheka, Tunamcheka Nani? Tashtiti na Heshima ya Mwanamke



Ndugu viongozi wa walei, akina mama na akina baba wa Jumuiya Ndogo Ndogo,

Tashtiti ni maandishi, mchezo au wimbo unaotumia kejeli ili kufichua kasoro za jamii. Tunaisikia katika vichekesho vya redio, tunaiona katika vibonzo vya magazeti, na hata arusini haikosi. Kwa kuwa inachekesha, mara nyingi hatuihoji. Lakini wahenga walisema, “Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.” Haki inatudai tuulize: tunapocheka, tunamcheka nani, na kwa kosa gani?

Nachukua mfano mmoja. Mwaka 1966 kilitoka kitabu Song of Lawino, shairi refu la Okot p'Bitek wa Uganda, ambalo alilitunga kwanza kwa Kiacholi. Msemaji ni Lawino, mke asiyesoma shule. Mumewe, Ocol, amesoma, na sasa anamwonea haya. Anamdharau kwa kuwa hajui kusoma, hajui dansi za kigeni, wala hajui kutumia majiko ya kisasa. Moyo wake umehamia kwa Clementine, mwanamke wa mjini anayejipaka poda na rangi ya midomo.

Tazameni jambo hili kwa makini. Lawino ni yule yule aliyeolewa. Kilichobadilika ni kipimo. Jana alisifiwa kwa kuijua ngoma ya kwao. Leo analaumiwa kwa kutojua dansi. Aliyebadili kipimo ni mume, na anayehukumiwa ni mke. Lawino hakubali. Anakigeuza kicheko na kukielekeza kwa huyo mwenye kipimo, hata msomi anaonekana kuwa mtu asiyejua alikotoka. Hapo tashtiti imetenda haki, kwa maana mnyonge amepewa sauti mbele ya mwenye nguvu.

Kicheko hicho kinatufikia sisi pia wa Kanisa. Lawino anasimulia mafundisho ya dini ya jioni, ambako watu walikariri maneno wasiyoyaelewa. Alikuwa na maswali juu ya uumbaji, lakini waliofundisha hawakupenda kuulizwa. Sisi mapadri na makatekista tusikasirike, bali tujipime. Katika Injili ya Yohane, sura ya 4, mwanamke Msamaria aliuliza swali juu ya swali, naye Bwana alimjibu, ingawa wanafunzi walistaajabu kumwona akisema na mwanamke.

Hata hivyo, tashtiti hii ina upungufu wake. Clementine anachekwa kwa sura yake, umri wake na mwili wake. Aliyemdharau mke ni Ocol, lakini sehemu kubwa ya kejeli inamwangukia mwanamke mwingine. Mwaka 1970 Ocol alipewa kitabu chake cha kujibu, Song of Ocol, Clementine hakupewa. Tena tukumbuke kwamba sauti ya Lawino ni ya mwanamke, lakini mkono ulioandika ulikuwa wa mwanamume.

Ndugu zangu, akina Lawino na Clementine wamo parokiani mwetu. Msichana aliyesoma huitwa mjeuri, na asiyesoma huitwa mshamba. Anayesema kikaoni huambiwa ana mdomo, na anayenyamaza huambiwa hana mawazo. Wote huchekwa kwa kipimo wasichokiweka wao. Kisha mzaha huzaa dhuluma. Jamii iliyozoea kucheka kwamba mwanamke hana akili haishangai shamba likiuzwa bila mke kuulizwa. Jamii inayotania kwamba kipigo ni dalili ya mapenzi haitoki nje usiku jirani anapolia.

Mafundisho ya Kanisa ni wazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes (1965), namba 29, ulifundisha kwamba ubaguzi katika haki za msingi kwa sababu ya jinsia ni kinyume cha mpango wa Mungu. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo II, katika waraka Ecclesia in Africa, namba 82, alieleza jinsi Sinodi ilivyolaani mila zinazowanyima wanawake haki na heshima yao.

Siwaombi mwache kucheka. Kicheko kinachomfichua mwenye kuonea ni cha haki. Kinachomwongezea mzigo aliyelemewa ni dhambi dhidi ya jirani. Nawaomba mjadili katika Jumuiya zenu:

1. Ni utani gani juu ya wanawake tunaousikia mara kwa mara, na unamnufaisha nani?

2. Mwanamke anapouliza swali katika kikao chetu, anajibiwa au anachekwa?

3. Wanawake huamua nini katika halmashauri yetu ya parokia, zaidi ya kupika siku ya sherehe?

Majibu yaandikwe na akina mama na akina baba kwa pamoja, yaletwe kwenye Kamati ya Haki na Amani. Na swali la tatu lijibiwe kwanza na akina mama.

Mungu awabariki.